Umeme unakuja na kupotea kwenye boda: namna ya kulikamata kosa kabla hujanunua chaja nyingine

Chaja ya simu inawaka vizuri, ukipita tuta inazima, ukifika steji imewaka tena kama vile hakuna kitu. Spotilaiti zinacheza cheza, redio inajizima yenyewe na kujiwasha. Unapeleka kwa fundi, pale kwake kila kitu kinafanya kazi, anakwambia pikipiki ni nzima, unamlipa, unaondoka, ukifika Hima tu imezima.

Niko Kasese, magharibi mwa Uganda, naendesha pikipiki aina ya Boxer, na hii shida ilinila chaja tatu. Tatu! Usiku nikitoka Mpondwe simu ndiyo wateja wanapigia, ndiyo inanionyesha kwa mteja, na hela ziko humo humo, sasa ikizima mahali kama Kikorongo saa tatu usiku unajua mwenyewe. Nilinunua chaja, nikanunua ingine, nikanunua ya bei, kumbe zote zilikuwa nzima tangu mwanzo, kosa lilikuwa waya mmoja pale shingoni ambao ndani ya ganda lake nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika, zinagusana tu kwa bahati. Naandika yote niliyojifunza tangu siku hiyo, mwenye haraka aruke anapotaka ila hii sehemu ya kwanza asiiruke.

ANZA NA MASWALI, SPANA BAADAYE

Umeme wa hivi ukiutafuta wakati upo huoni kitu. Lazima upotee wewe ukiwa umechuchumaa hapo na mita ya kupimia umeme mkononi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua unapotea lini, halafu unaulazimisha upotee pale chini ya mwembe badala ya kukupotelea barabarani.

Swali la kwanza, nini kinazima? Kama ni kila kitu, honi, indiketa, taa ya breki na chaja zote kwa pamoja, kosa liko juu kule ambako wote wanachota: terminali za betri, fyuzi kubwa, au swichi ya ufunguo. Kama honi na indiketa ziko sawa ila vile vitu ulivyoongeza mwenyewe vyote vinazima pamoja, nenda moja kwa moja pale vilipounganishwa, ni hapo au kwenye fyuzi yao. Na kama ni kimoja tu, usifungue pikipiki nzima, shika waya wake, soketi yake na chenyewe. Kwa chaja ya simu jaribu kwanza kebo ingine na simu ingine, dakika mbili tu, maana kebo za simu zinakatika ndani kuliko kitu chochote kwenye pikipiki na watu wanalaumu betri.

Swali la pili ndilo lenye faida zaidi, kinazima lini? Mi nagawa hivi. Kikizima kwenye mashimo au ukikata kona ni mtikisiko, yaani kuna kitu kimelegea au waya umekatika ndani. Kikizima baada ya nusu saa ya kwenda halafu ukipumzika dakika kumi kinarudi, hilo ni joto, na huku kwetu mchana barabara ya Katunguru joto halina mchezo. Kikizima siku ya mvua au baada ya kuosha pikipiki ni maji. Na kikizima injini ikiwa silensa, yaani inanguruma tu bila kuvutwa mafuta, ukivuta mafuta kinarudi, hapo hakuna waya uliokatika, ni habari ya chaji na nitaisema chini. Chukua siku mbili tatu, kila kikizima kumbuka ulikuwa wapi unafanya nini, andika hata kwenye simu. Fundi ukimwambia "inazima nikikata kushoto" umemwokolea nusu siku, ukimwambia "inasumbua tu" ataanza kubadilisha vitu na wewe ndiye unalipa.

VITU VYA KUWA NAVYO

Mita ya bei ya chini inatosha kabisa, spana namba 10, bisibisi, msasa laini, tepu nzuri ya umeme, fyuzi za akiba, na kipande cha waya mita mbili chenye klipu za mamba kila upande. Halafu tengeneza taa ya kupimia, chukua balbu ya indiketa ya volti 12 wati 10, iunganishe waya mbili, basi.

Hii taa naipenda kuliko mita na nitakwambia kwa nini. Mita inavuta umeme kidogo sana, kwa hiyo waya ambao nyuzi zake zimekatika na zinagusana kwa shida tu bado utakuonyesha 12.6 na wewe utaapa kwamba waya ni mzima. Balbu inakula karibu ampia moja, ukiiweka kwenye waya huo huo inawaka nyekundu kama kaa linalozimika au haiwaki kabisa. Mita peke yake ilinidanganya wiki nzima.

BETRI NA TERMINALI ZAKE

Fungua kava ya pembeni, shika kila waya kwenye terminali ujaribu kuuzungusha kwa vidole. Ukizunguka hata kidogo, umeshapata mshukiwa. Kuna pikipiki nimeona skrubu imekazwa vizuri kabisa lakini nati ya ndani imelika, kwa macho inaonekana sawa na ukipita tuta inaachia. Unga mweupe au wa kijani ukiwepo toa nyaya, hasi kwanza halafu chanya, safisha kwa maji yenye magadi ya kuokea na mswaki wa zamani, suuza, kausha, piga msasa mpaka chuma king'ae, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, paka grisi kidogo juu. Hiyo ya hasi kutoka kwanza ina sababu, spana yako ikigusa fremu wakati unafungua chanya na hasi bado iko kwenye betri itapiga cheche kubwa.

Sasa pima. Pikipiki imelala saa kadhaa, betri nzuri inasoma 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.0 iko karibu kuisha. Washa injini, vuta mafuta katikati, inatakiwa ipande kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda ukaona imebaki kwenye 12, kosa ni chaji, yaani koili (inayotengeneza umeme kwenye injini), regyuleta (inayoudhibiti) au soketi zao, na vitu vyako vinakula akiba mpaka ikauke. Ikipita 15 regyuleta imekufa upande wa pili, hiyo ni hatari, inachemsha betri na kuua chaja na balbu, usiende nayo safari.

FYUZI

Toa fyuzi uishike kwenye mwanga. Ile waya ndogo ya ndani inaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele, imesimama tu inagusana, ikipata joto inaachana. Weka nyingine hata kama ya zamani unaiona nzima, fyuzi ni hela kidogo. Lakini tazama na makazi yake, yale meno ya kubana fyuzi, yakiwa ya kahawia au plastiki imeyeyuka pembeni ujue yalikuwa yanapata moto kwa sababu yamelegea. Yabane kwa plaizi ndogo au badilisha kabisa kihifadhi cha fyuzi, mi ningebadilisha.

Na jameni, ile karatasi ya sigara kuzungushia fyuzi iliyoungua tuache. Fyuzi inaungua ili waya usiungue, na huo waya unapita chini ya tenki la petroli ambalo umelikalia na abiria nyuma.

SWICHI YA UFUNGUO

Washa vitu vyote, halafu chezesha ufunguo taratibu ukiwa umewashwa, kushoto kulia, juu chini. Vikizimika vimepatikana. Ndani kuna vipande vya shaba ambavyo vimelika, na wengi wetu tunaning'iniza ufunguo wa nyumba, wa kufuli, wa duka la mama, rundo zima linatikisika hapo siku nzima. Toa hilo rundo leo hii. Spirei ya kusafisha umeme inasaidia kwa muda, ila kama vipande vimeungua nunua swichi mpya, na ukishanunua usiilazimishe tena kubeba mzigo wa spotilaiti. Kazi hiyo ipewe rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, nitaeleza.

SHINGO YA PIKIPIKI, HAPA KAA SANA

Kama ningeruhusiwa kuangalia sehemu moja tu ya pikipiki ningeangalia hapa, pale usukani unapozungukia. Fikiria mtu wa boda anakata usukani mara ngapi kwa siku, na kila mara ule mkungu wa nyaya unakunjwa na kukunjuliwa mahali pale pale. Shaba inachoka. Nyuzi zinakatika moja moja ndani, ganda la plastiki linabaki zuri kabisa nje, macho hayaoni kitu.

Fanya hivi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, washa vitu vyote, kata usukani taratibu kushoto mpaka mwisho, subiri, kulia mpaka mwisho, subiri. Mwambie mwenzako atazame taa au simu wewe macho yako yawe kwenye nyaya. Kikizima upande mmoja tu, acha usukani hapo hapo usiuguse, sasa shika waya mmoja mmoja uubonyeze kidogo kidogo kwa sentimita mbili mbili. Utafika mahali kinarudi, weka alama kwa kalamu.

Halafu kuna ujanja mwingine nilifundishwa na mzee mmoja fundi, zima kwanza, shika waya pande mbili karibu karibu na uuvute polepole. Waya mzima haurefuki, shaba inauzuia. Waya uliokatika ndani unarefuka kama mpira, maana hapo umebaki ganda peke yake. Wangu ulirefuka hivyo. Nilikaa chini kabisa.

Ukishaupata usiunganishe pale pale palipokatika kwa kusokota na tepu, patakatika tena. Kata ile sehemu yote iliyochoka, sentimita kumi au zaidi, weka waya mpya wenye nyuzi nyingi nyembamba, na viungio vyote viwili vikae mbali na shingo mahali pasipokunjika. Acha waya uwe na ulegevu kidogo, kata usukani pande zote uone hauvutiki.

ATHI

Athi ni ule waya wa hasi unaorudi kwenye betri kupitia fremu. Watu wanatafuta chanya siku mbili wakati kosa liko huku. Fundi wengi wanafunga athi ya spotilaiti kwenye skrubu yoyote iliyo karibu, chini yake kuna rangi, juu yake vumbi, mvua ikinyesha mara mbili kutu imeshaingia katikati.

Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote. Kifaa kikiwa kimezima au kinafifia, chukua ule waya wako wa klipu, upande mmoja kwenye hasi ya kifaa, wa pili kwenye hasi ya betri yenyewe. Kikiwaka vizuri hapo hapo, athi ndiyo mbaya na kazi imeisha, toa skrubu, kwaruza rangi mpaka chuma cheupe, tumia pete ya terminali iliyobanwa vizuri, kaza, paka grisi. Mi siku hizi siamini fremu tena, navuta hasi ya vitu vyote vya kuongeza mpaka kwenye betri kwa waya wake.

PIMA VOLTI ZINAZOPOTEA NJIANI

Ukiwa umefanya yote hayo na bado, tumia mita kwa akili. Weka kwenye DC 20, yaani volti za umeme ulionyooka kama wa betri, mpaka 20. Kifaa lazima kiwe KIMEWASHWA, bila mzigo kipimo hiki hakina maana. Ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya pale inapoingia kwenye kifaa. Namba unayoona ni volti zilizopotea njiani. Chini ya 0.2 ni vizuri. Ikifika 0.5 kwenda juu kuna mahali pameoza. Sasa acha ncha ya betri ilipo, ile nyingine isogeze kurudi nyuma, kwenye soketi inayofuata, kwenye rilei, kwenye fyuzi, na mahali namba inaposhuka ghafla, kosa liko kati ya pointi hizo mbili. Rudia upande wa hasi, huko isizidi 0.1 hivi.

Fanya hii huku mtu anatikisa nyaya na kukata usukani, namba ikiruka umeipata. Ukitoboa waya kwa pini ili upime, ziba hilo tundu baadaye, maji yanapenda matundu hayo.

JOTO NA MAJI

Kosa la joto linahitaji uvumilivu. Mara nyingi ni rilei ya bei ya chini, kiungio cha solda kilichopasuka, au chaja yenyewe inayojizima ikipata moto sana, hasa iliyofungwa juani ndani ya kava bila hewa. Omba mashine ya kukausha nywele pale saluni jirani, pikipiki ikiwa inafanya kazi puliza kitu kimoja kwa dakika mbili, kisha kinachofuata. Kinachozima ndicho. Usipulize karibu na mdomo wa tenki na usiyeyushe plastiki. Angalia pia kama nyaya zimelalia injini au ekzosi, ganda linalainika na kuanza kugusa chuma.

Maji ni mepesi, jaza chupa ya kupulizia, nyunyiza soketi moja moja ukianzia chini kupanda juu. Ikizima, fungua hiyo soketi, utakuta kijani ndani. Safisha, kausha, grisi kidogo, funga. Na ukirudisha waya uache ushuke chini ya soketi kwanza halafu upande, ili tone la mvua lidondokee pale chini badala ya kufuata waya mpaka ndani. Soketi inayotazama juu ni kikombe.

IKIZIMA INJINI IKIWA SILENSA

Pikipiki nyingi ndogo taa kubwa ya mbele haitoki kwenye betri, inatoka moja kwa moja kwenye koili ya injini, ndiyo maana inafifia ukiwa silensa na kung'aa ukivuta mafuta. Umeme huo haujanyooka, unapanda na kushuka. Sasa fundi anakuja anaunga chaja yako kwenye waya wa taa kwa sababu uko karibu, na wewe unabaki na chaja inayokata ukisimama kwenye msongamano, baadaye inakufa kabisa. Kama ndivyo ilivyofungwa, hakuna cha kutafuta, toa, funga kutoka kwenye betri.

Halafu fanya hesabu. Wati gawanya kwa volti unapata ampia. Spotilaiti mbili za wati 20 ni 40, gawa 12 ni kama ampia 3.3. Chaja ya wati 18 ni 1.5. Umeshafika karibu 5 na bado redio, na betri nyingi za boda ni ndogo, Ah 5, Ah 9 (Ah ni ampia mara saa). Spotilaiti mbili ukiziacha zinawaka injini imezimwa, betri ya Ah 5 haimalizi hata saa moja na nusu. Koili ya hizi injini ndogo nayo ilipangiwa taa zake na plagi, haikupangiwa disko.

KUFUNGA UPYA ISIRUDI TENA

Nikimfungia mtu naanza hivi: waya wa chanya kutoka betri, fyuzi ndani ya sentimita 15 au 20 tu kutoka kwenye terminali, maana kile kipande kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Kwa ile hesabu ya juu nitaweka fyuzi ya ampia 7.5 na waya wa milimita za mraba moja na nusu. Kutoka fyuzi unaingia rilei mguu wa 30, mguu wa 87 unaenda kwenye vifaa, 85 kwenye athi, na 86 unapata umeme mdogo kutoka waya unaowaka ukifungua ufunguo. Hapo swichi ya ufunguo inaiamsha rilei tu, mzigo wote unapita kwenye rilei, na ukizima ufunguo vyote vinazima, hakuna kusahau.

Viungio, tumia terminali za kubana na koleo lake, halafu mpira unaojibana kwa joto juu yake. Solda ni nzuri lakini inaufanya waya uwe mgumu na unakatika pale pale solda inapoishia kwa mtikisiko, kwa hiyo ukitia solda funga waya mahali pasitikisike. Vile viklipu vya plastiki vinavyouma waya bila kuukata sivitaki, vinakata nyuzi na kuingiza maji, nimevitoa kwenye pikipiki nyingi mno. Kusokota na tepu pia hapana, jua la huku linaigeuza tepu gundi kwa miezi michache. Pitisha nyaya mbali na ekzosi na kebo ya klachi, fungia kwa ties (vile vikamba vya plastiki) bila kunyonga.

Kama pikipiki yako ni ya umeme, ya betri za kubadilisha, haya ya betri usiyafuate, zile zina volti nyingi zaidi ya 12, peleka kwa wenyewe.

Kabla ya kurudisha kava rudia mateso yote, kata usukani, chezesha ufunguo, nyunyiza maji, vitu vyote vikiwa vimewashwa, halafu panda nayo barabara ya vumbi dakika 20 bila abiria. Ikistahimili, chora kwenye karatasi rangi za nyaya zako na kila moja inakoenda, weka ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), ibandike chini ya siti pamoja na fyuzi mbili za akiba.